Tiba inayofanana na uvivu



Mtu akishikwa na malaria katika nyumba zetu, kila mtu anajua la kufanya. Anafunikwa kikwembe, anapikiwa uji, watoto wanaambiwa wapunguze kelele, na jirani akipita anasema pole. Mtu akivunjika mkono na kufungwa plasta, hata mtoto wa miaka mitatu anaona kwamba huyu ni mgonjwa. Lakini kuna ugonjwa ambao tiba yake haionekani kuwa tiba. Mgonjwa amekula vizuri, hana homa, amelala mkekani saa mbili asubuhi, amenyoosha mguu, anaukaza, anaulegeza, anahesabu mpaka kumi. Anayepita mlangoni anasema: "Mama wa nyumba hii anapumzika kweli!"

Ninasema juu ya goti, hasa goti lililoumia meniski au lililotolewa meniski. Ninaandika kwa sababu mimi ni mmoja wao, na kwa sababu katika vikundi vyetu, kila mkutano ukiisha, ninawaona wamama wanaoshika goti kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine ndipo waweze kusimama.

Goti langu liliumia wakati wa mvua, miaka miwili iliyopita. Nilikuwa ninashuka mteremko na bidoni ya maji kichwani. Mguu wa kulia ulinasa kwenye tope, ukabaki palepale, na mwili wote ukageuka kushoto. Nilisikia kitu kama kijiti kinavunjika ndani. Jioni ile niliweza bado kutembea. Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama papai, na baada ya siku chache likaanza mchezo mbaya: linajifunga. Nikilikunja, halinyooki tena, kana kwamba mtu ametia jiwe kwenye bawaba ya mlango.

Meniski ni nini? Nitaeleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Sisi wote tunajua ngata, ile nguo tunayoizungusha na kuiweka kichwani kabla ya kubeba mzigo. Kichwa ni cha mviringo, chini ya bidoni ni bapa. Bila ngata mzigo unayumba na unauma mahali pamoja. Goti ni vilevile, ila limegeuzwa: mfupa wa paja una mviringo kwa chini, na mfupa wa muundi ni karibu bapa kwa juu. Kati yao Mungu ameweka ngata mbili, moja upande wa ndani na moja upande wa nje, zenye umbo la mwezi mchanga. Hizo ndizo meniski. Ukitafuna ile nyama nyeupe ngumu iliyo mwisho wa mfupa wa kuku, umeshajua zinafanana na nini. Mguu ukiwa umenyooka, ngata hizo zinapokea karibu nusu ya uzito unaopita gotini. Goti likikunjwa sana, zinapokea zaidi ya hapo.

Meniski inachanika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama yangu: mguu umekanyaga, goti limekunjwa kidogo, mwili unageuka ghafula. Vijana wa mpira wanaijua sana. Ya pili ni ya polepole: miaka inapita, ngata inakauka na kuchakaa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, halafu siku moja unainuka tu kutoka kwenye mbabula na kitu kinachoma. Njia hii ya pili inawapata hasa watu waliopita miaka arobaini.

Kupona kwake ni kugumu kwa sababu ya damu. Ukingo wa nje tu wa meniski ndio wenye mishipa ya damu. Sehemu ya ndani haina. Kidonda kisichofikiwa na damu hakijifungi kirahisi. Ndiyo maana daktari anaweza kushona mchaniko ulio ukingoni, hasa kwa kijana, lakini mchaniko wa ndani mara nyingi hauwezi kushonwa. Jueni pia kwamba picha ya kawaida ya mifupa haioneshi meniski. Inaonesha mifupa, na inasaidia kujua kama hakuna uliovunjika. Daktari anayejua kazi yake anaanza na mikono: anakunja goti, anaupinda mguu kidogo huku na huku, anabonyeza kwenye mstari ambapo mifupa miwili inakutana, na anauliza ilikuwaje siku ile.

Katika siku zile za kwanza, ushauri ulikuja kutoka pande zote. Mmoja alileta mawese ya moto. Mwingine alileta habari za mtu wa kukanda, mwenye nguvu, anayeweza kuunyoosha mguu kwa kuuvuta mara moja. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ndiye aliyekataa. Alisema: "Mlango ukikwama, huvunji bawaba. Kwanza tazama kuna nini katikati." Ninamshukuru mpaka leo. Kulikuwa na kitu katikati kweli: kipande cha meniski kilichochanika kilikuwa kimejikunja na kuingia kati ya mifupa. Goti la namna hiyo halivutwi kwa nguvu. Ni mojawapo ya magoti machache ambayo kweli yanahitaji daktari wa upasuaji, tena bila kukawia.

Mume wangu alikusanya pesa pamoja na ndugu zake, zamu yangu ya likelemba ikasogezwa mbele, nikaenda Lubumbashi. Walinitoboa matundu mawili madogo, wakaingiza kamera nyembamba kama kalamu kwenye tundu moja na chombo cha kukatia kwenye lingine. Mchaniko wangu ulikuwa sehemu isiyo na damu, haukushonwa. Walitoa kipande kilichochanika tu, wakaacha meniski iliyobaki.

Niliuliza kwa nini hawakutoa yote ili yaishe. Zamani ndivyo walivyofanya. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari maarufu wa London aitwaye John Bland-Sutton aliandika kwamba vipande hivi ni mabaki tu yasiyo na kazi, na kwa miaka mingi madaktari waliondoa meniski nzima bila wasiwasi. Halafu mwaka 1948 Mwingereza mwingine, Fairbank, alitazama picha za magoti yaliyotolewa meniski, akaona yanabadilika: nafasi kati ya mifupa inapungua, mfupa unajibapa na kuota kingo. Yaani ukiondoa ngata, kichwa ndicho kinacholipa. Mwaka 1962, huko Tokyo, daktari Masaki Watanabe alitoa kipande kidogo cha meniski kwa kutumia kamera bila kulifungua goti lote, na tangu hapo kazi imeelekea huko: toa kidogo, acha kingi, shona panaposhoneka. Nilivyoelewa mimi mwalimu ni hivi: goti langu lina ngata iliyopungua, na litabaki hivyo maisha yangu yote. Swali ni nani atakayefanya kazi iliyoachwa na kile kipande.

Kabla ya kujibu swali hilo, nisimame kidogo kwa mama mkubwa wangu, kwa sababu goti lake ni la wengi wenu kuliko langu. Ana miaka 58, anauza ndagala sokoni. Hakuanguka, hakugeuka vibaya. Goti lake lilianza kuuma polepole, likavimba jioni, likamzuia kupanda kilima cha nyumbani. Mtu alimwambia kwamba meniski imechanika, na bila upasuaji hatatembea. Watoto wake walianza kuzungumza juu ya kuuza kiwanja.

Wamama, hapa nawaomba msome polepole. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza habari za magoti ya watu 991 wa mji wa Framingham, wenye miaka 50 na kuendelea, waliopigwa picha za mashine kubwa inayoonesha hata meniski. Wengi walikuwa na meniski zilizochanika, na kati ya wenye mchaniko, 61 kwa mia walikuwa hawajasikia maumivu yoyote mwezi ule. Maana yake, kuchanika na kuuma havitembei pamoja siku zote. Mwaka 2013, Finland, waligawa watu 146 wenye meniski zilizochakaa katika makundi mawili. Kundi moja lilikatwa meniski kweli. Kundi la pili waliingiziwa kamera tu, meniski haikukatwa, na hawakuambiwa ni kundi gani. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ileile. Na mwaka 2016, Norway, watu 140 wa umri wa kati waligawanywa: nusu upasuaji, nusu mazoezi ya mwili kwa wiki 12. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana kati yao, na wale wa mazoezi walitangulia kupata nguvu ya paja.

Habari hizi hazikatazi upasuaji wote. Goti lililojifunga kama langu ni jambo lingine, na kijana aliyeumia mpirani ni jambo lingine. Lakini kwa goti lililochakaa la mama wa miaka hamsini, linalouma bila kujifunga, mazoezi ndiyo dawa ya kwanza, na kiwanja kinaweza kubaki. Mama mkubwa alifanya mazoezi miezi mitatu. Maumivu hayakuisha yote, lakini anapanda kilima na yuko sokoni.

Sasa turudi kwenye swali: nani atafanya kazi ya kile kipande kilichotolewa? Jibu ni paja. Mtaalamu wa kine, yaani wale wanaotutibu kwa mazoezi, aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: goti likivimba, msuli wa mbele wa paja unasinzia. Unaamrisha, hausikii. Ndani ya wiki chache unakonda. Tulipima kwa sentimita ya mshonaji, kidole nne juu ya goti: paja la kulia lilikuwa limepungua sentimita tatu kuliko la kushoto. Hapo nilielewa kwa nini mguu ulikuwa unalegea ghafula nikishuka ngazi. Upasuaji ulichukua muda mfupi, lakini kuliamsha paja kulichukua miezi.

Hivi ndivyo nilivyofanya, kwa mpangilio alioniandikia. Siku za kwanza nilitembea na magongo, nikikanyaga kadiri ninavyovumilia. Mguu niliuweka juu ya mto, juu kuliko moyo, ili uvimbe ushuke. Barafu niliipata kwa wauza samaki. Niliisaga, nikaifunga kwenye kitambaa, dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Barafu haigusi ngozi moja kwa moja, inaunguza. Zoezi la kwanza: lala au keti na mguu ulionyooka, weka taulo iliyokunjwa chini ya goti, kandamiza taulo kwa goti mpaka paja likaze, hesabu tano, legeza. Mara kumi. La pili: lala chali, mguu mzima umekunjwa, inua ule mgonjwa ukiwa umenyooka mpaka urefu wa rula ya shule, hesabu tano, ushushe polepole. Mara kumi. La tatu: ukiwa umeketi, buruta kisigino taratibu kuelekea kwako, kisha kirudishe. Yote haya asubuhi na jioni.

Uvimbe ulipopungua, tuliingia kwenye mazoezi ya kusimama. Kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika kwa mikono, polepole, mara kumi. Kuinuka juu ya vidole vya miguu. Kupanda ngazi moja na kushuka, mguu mgonjwa ukitangulia kupanda. Kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na ukuta, hesabu mpaka thelathini. Kanuni yake ilikuwa moja: maumivu kidogo wakati wa zoezi si kitu, lakini goti likivimba kesho yake, umezidisha, punguza, usiache.

Aliyeshonwa meniski asifuate njia yangu. Mshono unahitaji ulinzi mrefu zaidi: wiki kadhaa za kukanyaga kwa kipimo, na miezi ya kutokuchuchumaa kabisa. Yeye afuate maneno ya aliyemshona.

Mmeona wenyewe kwamba hakuna kigumu hapo. Hakuna mashine, hakuna sindano, hakuna dawa ya bei. Ni mkeka, taulo na kiti. Kwangu, kigumu kilikuwa nyumba.

Wiki ya pili baada ya kurudi Kalemie, asubuhi moja, nilikuwa chini ninainua mguu wangu. Nje, vyombo vya jana vilikuwa bado havijaoshwa, bidoni zilikuwa tupu, na muhogo ulikuwa unangoja kuanikwa. Mama mkwe alisimama mlangoni akanitazama muda. Akasema: "Mwalimu, jua limetoka, nawe bado unacheza na mguu?" Hakusema kwa ubaya. Amelea watoto wanane, na katika maisha yake yote hajawahi kuona mwanamke mwenye afya amelala chini huku kazi inamngoja. Mimi mwenyewe niliona aibu. Aibu ile ndiyo inayoharibu magoti yetu. Mwanamke anatoka hospitali na karatasi ya mazoezi, anafanya siku tatu, siku ya nne macho ya watu yanamwinua, anashika bidoni. Baada ya miezi sita goti linauma kuliko mwanzo, na watu wanasema upasuaji haukufanya kitu.

Sikujibu siku ile. Jumamosi nilichukua sentimita ya mshonaji, nikamwita mama mkwe, mume wangu na watoto, tukapima mapaja yote mawili mbele yao. Niliandika namba ubaoni, ule ubao mdogo wa watoto: kushoto 44, kulia 41. Nikasema: "Kazi yangu nyumbani sasa ni kuijaza tofauti hii. Ikijaa, nitabeba tena." Jumamosi iliyofuata tulipima tena. Namba haikusogea. Jumamosi ya tatu ilisogea nusu sentimita, na mama mkwe ndiye aliyeiona kwanza. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa ananihesabia, kwa Kitabwa, na hakubali niishie tisa.

Maji yalikuwa jambo la pili. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20, na kilo hizo zinashuka moja kwa moja mpaka gotini kila hatua. Binti yangu alikuwa tayari anachota kabla ya shule. Kumwongezea safari zangu kungekuwa kulihamisha goti bovu kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tuliamua na mume wangu kwamba kijana wetu wa miaka 13 atachota asubuhi, na yeye baba yake atachota jioni akitoka kazini. Majirani walicheka wiki moja. Wiki ya pili walichoka kucheka. Bidoni haijui kama aliyeibeba ni mwanamke au mwanamume.

Mambo mengine yalikuwa madogo, lakini yalisaidia. Mbabula tuliiweka juu ya matofali, ili nipike nikiwa nimeketi kwenye kiti na si kuchuchumaa. Choo chetu ni cha shimo; fundi alikata tundu kwenye kiti cha mbao cha zamani, tukakiweka juu yake, na leo mama mkwe anakipenda kuliko mimi. Sombe ilitwangwa na wengine. Nguo zilifuliwa kwenye beseni juu ya benchi, si kwa kupiga magoti ziwani. Shuleni nilirudi baada ya wiki tatu. Direkta alinipa kiti mbele ya darasa, na wanafunzi ndio waliokuwa wanakuja ubaoni kuandika. Viatu ni bapa, vyenye kufunga kisigino, si kandambili kwenye tope. Na kwa sisi wenye mwili mkubwa: kila kilo moja inayopungua mwilini inaliondolea goti karibu kilo nne katika kila hatua. Si lazima kupungua kilo ishirini ili goti lishukuru.

Juu ya dawa za maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake inasaidia siku za mwanzo. Lakini vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni, tunavyovinunua sokoni kama karanga, vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, hasa kwa mwenye presha, na mama mjamzito asivimeze bila daktari. Na mtu yeyote asikubali sindano ya goti kutoka kwa mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Sindano ndani ya kiungo inatolewa na daktari, mahali safi. Vidudu vikiingia gotini, utapoteza zaidi ya meniski.

Kuna dalili ambazo hazingojei kesho. Ukiziona, nenda hospitali siku hiyohiyo: goti lililojifunga halinyooki kabisa, goti la moto, jekundu, pamoja na homa, usaha kwenye matundu ya upasuaji, muundi unaovimba na kuuma kwa nyuma baada ya upasuaji, kwa sababu inaweza kuwa damu iliyoganda, na zaidi ya yote, pumzi inayokata au kifua kinachochoma ghafula.

Mwezi wa nne, paja la kulia lilifika 43 na nusu. Nilibeba bidoni ya lita kumi, kisha ya ishirini, si kila siku. Ngata iliyopungua haitarudi. Mazoezi ninayafanya bado, mara tatu kwa wiki, na nitayafanya nikiwa bibi. Watoto wangu hawaulizi tena kwa nini mama amelala chini.

Nimeandika haya yote ili kuomba jambo moja kwa vikundi vyetu. Tumezoea kuchangiana kwa msiba, kwa harusi, kwa uzazi. AVEC zetu zina mfuko wa dharura, na ni vizuri. Lakini mwanamke anayetoka kutibiwa goti haombi pesa kwanza. Anaomba wiki sita ambazo bidoni yake itabebwa na mtu mwingine, na macho ambayo hayatamwita mvivu. Kikundi cha wanawake 25, kila mmoja akichota mara mbili tu kwa wiki hizo sita, ni safari hamsini, zaidi ya moja kila siku. Hakuna atakayechoka, na mwenzetu atakuwa ametibiwa. Orodha hiyo inaweza kuandikwa kwenye daftari lilelile la michango.

La pili ni rahisi zaidi. Kila mkutano wetu unaanza kwa kungoja waliochelewa, na sote tunajua tunavyongoja. Kikundi chetu cha Lubuye tumekubaliana kwamba kuanzia Jumatano ijayo muda huo ni wa mapaja: kuketi na kusimama mara kumi, kuinuka juu ya vidole mara kumi, kusimama kwa mguu mmoja mpaka thelathini, halafu tunafungua sanduku na kuhesabu pesa. Mwenye goti bovu na mwenye goti zima, wote pamoja, ili asiwepo wa kumtazama mwenzake. Mama mkwe ameomba awe ndiye anayehesabu. Njooni na viti vyenu.